Kabla ya Kuuliza Bei ya Leza ya Macho

Namba yangu ya miwani ni hasi 7 kwa macho yote mawili, na nimeanza kuvaa miwani nikiwa kidato cha pili. Hapa Mtwara hilo limetosha kunifanya mtu wa kuulizwa habari za macho kazini, misibani na hata kwenye minada ya korosho, na swali la siku hizi ni moja tu: kwa nini siendi Dar es Salaam nikapigwa leza, nikaachana na miwani? Jibu langu huwa refu kuliko muulizaji anavyotarajia, na ndiyo maana nimeona niliandike kwa utulivu. Ninaona kwamba wengi wetu tunaanza na bei na aina ya mashine, ilhali jambo la kwanza kujua ni sehemu gani ya jicho ina tatizo na vipimo vyake vinasema nini. Hilo ndilo linaloamua kama mtu anahitaji leza, ni leza ipi, au ni upasuaji mwingine kabisa ambao pengine unapatikana karibu na nyumbani.

Jicho la mtu mzima lina urefu wa takriban milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Mwanga unaoingia hupindishwa kwanza na konea, yaani kioo angavu kilicho mbele ya mboni, ambacho peke yake hufanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kuukusanya mwanga huo. Kisha lenzi iliyo nyuma ya mboni humalizia sehemu iliyobaki ili picha iangukie kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa mtu asiyeona mbali kama mimi, mara nyingi jicho limerefuka kupita kiasi, na kila milimita ya ziada huongeza dayopta (kipimo cha nguvu ya miwani) 2.5 hadi 3 hivi kwenye namba ya miwani. Macho yangu yana milimita 26 na ushei. Leza ya kurekebisha uoni haiufupishi urefu huo. Kinachofanyika ni kuichonga konea iwe bapa zaidi, ili mwanga ukusanyike nyuma kidogo na kuifikia retina pale ilipo. Kwa mwenye namba chanya, yaani asiyeona karibu vizuri, huchongwa pembezoni ili katikati pabinuke.

Leza inayochonga ni ya aina ya eksima, yenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193 usioonekana. Uwezo wake wa kuondoa tishu bila kuunguza zilizo jirani ulionekana mwaka 1981 katika maabara ya kampuni ya IBM nchini Marekani, ambako Rangaswamy Srinivasan alipeleka kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, akayapiga leza hiyo, na yakabaki na mfereji safi usio na alama ya kuungua. Mwaka 1988 daktari Marguerite McDonald akaitumia kurekebisha jicho la binadamu lenye uwezo wa kuona. Huwa ninawasimulia kisa cha bata mzinga wale wanaoogopa neno leza, ingawa sijaona bado kama kinawatuliza.

Njia ya zamani zaidi kati ya zinazotumika sana leo ni PRK. Daktari hukwangua ngozi nyembamba ya juu ya konea, leza huchonga chini yake, kisha jicho hufunikwa kwa lenzi laini ya kulinda kidonda wakati ngozi ikijiotesha upya. Maumivu ya siku tatu hadi tano za mwanzo ni ya kweli, na uoni huchukua wiki kadhaa kutulia. LASIK, ambayo Ioannis Pallikaris aliiendeleza huko Krete kuanzia mwaka 1990, ilipunguza adha hiyo: hukatwa kifuniko chembamba cha konea kinachoachwa kikiwa kimeshikilia upande mmoja, kinafunuliwa, leza inachonga chini yake, na kifuniko kinarudishwa mahali pake bila kushonwa. Wengi huona vizuri siku inayofuata. Katika SMILE hakuna kifuniko. Leza ya pili, iitwayo ya femtosekunde, hukata kipande chembamba chenye umbo la lenzi ndani ya konea yenyewe, na daktari hukichomoa kupitia tundu la milimita chache. Katika njia zote mgonjwa yuko macho, jicho limetiwa ganzi ya matone, na leza hufanya kazi kwa sekunde au dakika chache tu.

Mimi hesabu ndiyo iliyoniamulia. Konea ya kawaida ina unene wa maikroni 540 hivi katikati, yaani zaidi kidogo ya nusu milimita. Yangu ilipimwa ikawa 498. Ili kuchonga eneo linaloweza kuifunika mboni hata inapotanuka usiku, kila dayopta moja hula takriban maikroni 15, kwa hiyo hasi 7 ingekula 105. Kifuniko cha LASIK nacho kina unene wa kama 110, na kikishakatwa hakihesabiwi tena katika nguvu ya konea, kwani hakirudii kushikamana na tabaka la chini kama mwanzo. Ukitoa vyote viwili, zinabaki maikroni 283. Kiwango cha chini kilichotajwa na madaktari kwa miaka mingi ni 250, na mtu mwenye haraka angesema nimevuka. Daktari aliyenipima alikataa. Alinieleza kwamba yeye hupendelea zibaki zaidi ya 300, na kwamba zaidi ya asilimia 40 ya unene wa konea yangu ingekuwa imeguswa, jambo ambalo watafiti wanalihusisha na hatari ya konea kudhoofika na kuchongoka miaka ya baadaye. PRK ingeniachia tishu nyingi zaidi, ila kwa namba kubwa kama yangu uwezekano wa konea kupata ukungu huongezeka, na jua la pwani yetu halisaidii, hata kama ipo dawa ya mitomaisini inayopakwa wakati wa upasuaji ili kuupunguza. Nimemwamini daktari huyo zaidi kwa kuzikataa fedha zangu kuliko ambavyo ningemwamini kwa kuzipokea.

Ipo konea inayoelekea kuchongoka hata kabla ya kuguswa na mtu. Ugonjwa huo, keratokonasi, ndio unaotafutwa na mashine ya kuchora ramani ya konea, ile inayotoa picha ya rangi za bluu, kijani na nyekundu, na kliniki inayokubali kukupiga leza bila ramani hiyo ni ya kuondoka bila kuaga. Wanaosugua macho mara kwa mara kwa sababu ya aleji wako katika hatari zaidi, na huku kwetu ninalitaja hilo kwa msisitizo. Katika msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho, kuanzia Juni hadi Agosti hivi, vumbi la manjano hufika hadi mabarazani, macho huwasha, na vijana wanaopulizia bila miwani ya kujikinga huyasugua kutwa kwa mikono yenye salfa ileile. Aliye na keratokonasi hapigwi leza ya kuondoa miwani, kwa kuwa ingeikondesha zaidi konea iliyo dhaifu tayari. Tiba yake ni kuimarishwa konea kwa matone ya raiboflavini, ambayo ni vitamini B2, yakifuatiwa na mwanga wa urujuanimno. Madaktari wa Dresden nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya tiba hiyo mwaka 2003, na lengo lake ni kuusimamisha ugonjwa usiendelee, maana miwani au lenzi ngumu mgonjwa ataendelea kuzihitaji.

Masharti mengine hayana ubishi mkubwa. Umri usipungue miaka 18, na namba iwe imetulia kwa mwaka mmoja angalau. Kijana ambaye kila muhula anabadilishiwa miwani asubiri. Wajawazito na wanaonyonyesha husubiri pia, kwa sababu namba yao inaweza kubadilika kwa muda. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, magonjwa ya kinga ya mwili kama baridi yabisi, au macho makavu sana, anapaswa kulisema mapema bila kuona aibu, na anayevaa lenzi za machoni huambiwa aziache kwa wiki moja au zaidi kabla ya kupimwa, kwa kuwa hubadilisha umbo la konea.

Kwa waliochaguliwa vizuri, matokeo ni mazuri. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta kwamba takriban asilimia 95 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika. Hata hivyo, macho makavu katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida, kwa sababu mishipa ya fahamu ya konea hukatwa, na baadhi ya watu huona miduara ya mwanga kuzunguka taa za magari usiku. Dereva wa basi la Mtwara anayekesha barabarani alipime hilo kwa mizani tofauti na karani anayelala saa tatu. Pia kuna umri. Kuanzia miaka 40 na kuendelea, lenzi ya asili ndani ya jicho hupoteza uwezo wa kujikunja ili kuona karibu, na leza ya konea haizuii hilo. Mtu wa miaka 46 mwenye hasi 3, ambaye leo huvua miwani na kusoma meseji bila shida, akipigwa leza ataona minazi ya ng'ambo ya ghuba na wakati huohuo atahitaji miwani ya kusomea. Wapo wanaorudi kwa hasira kwa sababu hawakuambiwa, au waliambiwa wakiwa tayari na furaha ya kusaini karatasi.

Kwa mtu wa Kusini, gharama ya upasuaji si ile inayolipwa dirishani peke yake. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 560, na baada ya leza mgonjwa huangaliwa siku inayofuata, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi na kuendelea. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga wilayani Kilwa, na mabasi yakakwama. Mtu ambaye kifuniko chake cha konea kimesogea, au ambaye jicho limeanza kuwa jekundu na kuuma siku chache baada ya upasuaji, hana muda wa kusubiri barabara itengenezwe. Kwa hiyo ninawashauri wanaokwenda wapange kukaa kwa ndugu Dar es Salaam angalau wiki nzima ya kwanza, na kabla ya kuondoka wajue ni daktari gani wa macho hapa mkoani atakayewaona kwa dharura. Wakirudi, wakae mbali na salfa, moshi wa kubangulia korosho na vumbi la bodaboda hadi daktari aruhusu, na wasisugue macho kwa hali yoyote.

Hadi hapa nimezungumzia leza ya kuondoa miwani, lakini upasuaji wa macho unaowasaidia watu wengi zaidi huku kwetu hautumii leza kabisa. Mtoto wa jicho ndicho chanzo kikuu cha upofu duniani. Mama mdogo wangu, anayeishi Masasi, aliniomba nimtafutie leza kwa sababu alikuwa amesikia kwamba visu vimepitwa na wakati. Nilimwambia, "Mama mdogo, ukungu wako uko kwenye lenzi ya ndani, leza ya kuchonga konea haiufikii." Alinitazama kwa lile jicho lake moja lililokuwa bado linaona, akaniuliza iwapo mtu mwenye miwani mizito kama mimi ndiye wa kumfundisha yeye habari za macho. Alikubali baadaye, kwa kushawishiwa na jirani yake ambaye alikuwa amekwisha kufanyiwa.

Katika upasuaji huo lenzi iliyopata ukungu hutolewa na nyingine ya plastiki huwekwa mahali pake, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya jicho tu, na mara nyingi kazi huisha ndani ya nusu saa. Wazo la kuweka lenzi bandia lilianzia kwa daktari Harold Ridley wa London, aliyeona kwamba vipande vya plastiki kutoka kwenye madirisha ya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikukataliwa na jicho. Mwaka 1949 akapandikiza lenzi ya kwanza. Hospitali zenye vifaa vya gharama huivunja lenzi yenye ukungu kwa mawimbi ya sauti, njia iliyoanzishwa na Charles Kelman mwaka 1967. Nyingi za kwetu hutumia mkato mdogo unaojifunga wenyewe bila nyuzi, na lenzi hutolewa nzima. Nisingependa mtu aidharau njia hii ya pili kwa sababu tu haina mashine kubwa: kwa mtoto wa jicho aliyekomaa, ambaye ndiye tunayemwona vijijini kwa kuwa watu huchelewa, matokeo yake ni mazuri na bei yake ni nafuu. Kliniki za macho za hospitali za Ligula hapa Mtwara na Sokoine kule Lindi ndizo mahali pa kuanzia, na kambi za macho zinapotangazwa kwenye redio inafaa kuwahi.

Swali la kuuliza hapo ni kama jicho limepimwa urefu na mkunjo wa konea kabla ya kuchagua lenzi ya kuweka, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua mgonjwa atatoka na namba gani. Mtu aliyekuwa hasi 7 maisha yake yote anaweza kutoka kwenye upasuaji wa mtoto wa jicho akiona mbali bila miwani, jambo ambalo wengi hawalijui. Na hapa kuna ushauri kwa waliokwisha kupigwa leza ya konea: tunzeni karatasi za vipimo vya kabla ya leza. Konea iliyochongwa huvuruga hesabu ya lenzi, na daktari atakayewatoa mtoto wa jicho mkiwa na miaka 65 atazihitaji. Baadaye, utando ulio nyuma ya lenzi bandia unaweza kuwa na ukungu, na hapo ndipo leza huingia kweli, ile ya YAG, inayotoboa utando huo kwa dakika chache bila kulifungua jicho.

Presha ya macho ni habari nyingine. Mjomba wangu wa Newala amepoteza uoni wa pembeni wa jicho la kushoto, na hakuna leza wala kisu kitakachourudisha, kwa sababu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekwisha kufa sehemu. Kinachowezekana ni kuzuia kilichobaki kisiondoke. Alipewa matone ya kila siku, na kila anayeijua Newala anajua jinsi matone yanavyoisha kabla ya safari inayofuata ya mjini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, uliolinganisha matone ya timolol na leza iitwayo SLT, ambayo hupigwa kwenye kichujio kinachotoa maji ya jicho. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, ikilinganishwa na asilimia 31 ya yaliyotumia matone. Kwa maoni yangu, hii ndiyo leza ambayo mikoa yetu ingepaswa kuidai kabla ya ile ya kuondoa miwani. Inapigwa kwa dakika chache, inaweza kurudiwa, na haimlazimu mzee kukumbuka matone kila asubuhi. Ikishindikana, bado kuna upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji ya jicho kutoka, ambao unahitaji ufuatiliaji wa karibu.

Kinyama cha jicho, kile kinachotambaa kutoka pembeni kuelekea mboni, ni cha kawaida kwa wavuvi, wakulima na wafanyakazi wa mashamba ya chumvi, kwa sababu jua na upepo vinakichochea. Kikiondolewa na kuachwa hivihivi hurudi mara nyingi. Kikiondolewa na sehemu ile kupandikizwa kipande cha utando unaofunika weupe wa jicho lilelile, uwezekano wa kurudi hupungua sana. Kwa kuwa huivuta konea na kuipindisha, kiondolewe kabla mtu hajapimwa kwa ajili ya leza au lenzi yoyote.

Nilisema kwamba leza ya konea hailifupishi jicho. Jicho refu lina retina iliyovutika na kukonda, nayo inaweza kutoboka na hatimaye kubanduka hata kama mwenye nalo amekwisha kutupa miwani yake. Anayeona mimweko kama ya radi, vidoadoa vingi vipya vinavyoelea, au pazia jeusi linaloteremka upande mmoja, aende hospitali siku hiyohiyo. Tundu likiwahiwa huzungushiwa leza likatulia. Retina ikibanduka inahitaji upasuaji mkubwa, na mara nyingine jicho hujazwa gesi ya kuishikiza. Mwenye gesi hiyo haruhusiwi kupanda ndege hadi iishe, kwa kuwa hutanuka angani na kulibana jicho hadi lipofuke, kwa hiyo asimruhusu mtoto wake mwenye huruma kumkatia tiketi ya ndege ya kurudi Mtwara.

Kwangu mimi iliyobaki ni lenzi ya kupandikiza, ambayo huingizwa kupitia tundu dogo na kukaa nyuma ya mboni, mbele ya lenzi ya asili isiyoguswa. Konea haichongwi, na lenzi yenyewe inaweza kutolewa ikibidi. Sharti lake ni kwamba nafasi iliyopo kati ya konea na lenzi ya asili isiwe chini ya milimita 2.8 hadi 3, na yangu ni 3.2, seli za upande wa ndani wa konea nazo huhesabiwa, kwa sababu zikifa hazizaliwi tena. Hatari zake zipo: maambukizi ndani ya jicho, presha kupanda, na mtoto wa jicho kuja mapema. Bei yake ni kubwa kuliko ya leza, na lenzi huagizwa kwa vipimo vya mtu mmoja mmoja. Nimeomba nafasi mwezi wa Septemba, salfa ikiwa imekwisha na minada ya korosho haijaanza, na daktari amekubali kwa sharti kwamba retina ikaguliwe upya na namba yangu ipimwe tena mwezi mmoja kabla.